Skafu Iliyokosa Shingo

Gakindu, Mukurweini
24 Februari 2025

Kwa Guled, mfungwa wa hiari,

Salamu kwanza ziende kwa mwalimu wa zamu, maana najua huko bwenini kwenu barua hufunguliwa kabla mwenyewe hajaiona. Mwalimu, habari za leo. Humu hamna sigara wala mambo ya wasichana, ni wadudu tu. Ukimaliza kusoma mpe kijana barua yake.

Sasa wewe, kaa chini. Yule mtu mliyemcheka alipoacha shule Form Two, yule uliyekaa naye dawati moja Nyeri ukimwibia majibu ya hesabu (usikatae, mwalimu anasoma), leo ni meneja wa wafanyakazi elfu ishirini. Baba yako na mbuzi wake wote wa soko la Nanyuki hajawahi kuchunga kundi kama hilo. Na wangu hawapigi kelele, hawarushi mateke, na wote kwa sasa wanaenea kwenye sinia moja la chai.

Ni viwavi wa hariri. Mwenye kazi si mimi, nisiseme uongo mapema hivi. Ni shangazi yangu Ngendo, yule ninayemwita Tata. Alinichukua baada ya mimi kuiacha ile gereji ya Ruring'u. Niliiacha mimi, sikufukuzwa, watu wasikudanganye.

Mayai yalikuja yamebandikwa kwenye karatasi, madogo kama mbegu za terere, ile mchicha yetu. Tata akayafunika kwa kitambaa cheusi siku mbili, akaniambia, "Kesho saa moja asubuhi watatoka." Nikamuuliza kama wamempigia simu. Basi kesho yake saa moja akafunua, mwangaza ukaingia, na karatasi ikaanza kutembea. Nakuapia. Vitu vyeusi, vyembamba kama nywele zinazobaki kwenye kitana, vyote kwa pamoja kama watu waliosikia kengele. Tata akawakatia majani machanga ya mforosadi, membamba kuliko sukuma wiki ya harusini, akawanyunyizia. Mimi nilibaki hapo mdomo wazi mpaka akaniuliza kama na mimi nataka kulishwa.

Lakini kuna neno. Shamba lenye miforosadi ni la Anko Peterson, ndugu yake Tata, na Anko anataka kuing'oa apande avokado kama majirani. Anasema hajawahi kuona nyumba iliyojengwa na funza. Wamekubaliana hivi: kundi hili likifunga vifuko vyake vya hariri vizuri, miti inabaki. Likiharibika, mwezi wa nne jembe linaingia. Na Tata ameniambia magoti yake yamechoka. Miti ikibaki, hiki chumba nakiendesha mimi. Kwa hivyo usiniombee mabaya.

Na wewe, kwa vile mwezi wa saba unapanda jukwaani Nyeri kukariri lile shairi lako refu, nitakuvika skafu ya hariri shingoni. Itang'aa mpaka waamuzi wasahau ulikosea ubeti gani.

Mimi,
Mutahi, Meneja


Nanyuki
2 Machi 2025

Kwa Mutahi, anayejiita Meneja,

Mwalimu wa zamu anakusalimu. Alicheka peke yake ofisini, kisha akanipa barua mbele ya darasa zima, akauliza kama mimi ndiye mfungwa wa hiari. Sasa ndilo jina langu. Asante sana ndugu yangu.

Nimehesabu. Uliacha shule. Uliacha gereji. Uliacha kuuza viatu vya mitumba, kazi ambayo hukuitaja, ila mimi sijasahau kwa kuwa uliniuzia viwili vya mguu wa kushoto. Hawa viwavi ni kitu cha nne. Nakupa mwezi mmoja. Usikasirike, nimekaa na wewe dawati moja, najua jinsi unavyolitazama dirisha.

Nilimsomea Ayeyo barua yako nilipopewa ruhusa ya Jumamosi. Unamkumbuka nyanya yangu Batula, aliyekulazimisha kunywa maziwa ya ngamia ukakimbilia nje. Macho yake sasa yanaona mwanga tu. Aliposikia neno hariri alinishika mkono nisiendelee. Akasema aliolewa na shali ya hariri, na mwaka wa ukame mkubwa aliiuza, mbuzi wakapata maji. Akasema hariri huitambui kwa macho, unaisugua karibu na sikio, inaongea. Mimi sikujua habari hiyo mpaka siku hiyo.

Kuhusu skafu yangu, asante. Tutaongea.

Ramadhani imeanza, kwa hivyo naandika kwa tumbo tupu. Makosa yoyote ni ya njaa.

Guled


Gakindu
9 Machi 2025

Kwa Guled mwenye njaa,

Umefunga? Hata wangu wamefunga. Leo wako usingizi wa tatu. Usicheke, ndivyo kunavyoitwa. Wanakula siku tatu nne, halafu wote wanaacha, wanainua vichwa juu, wananyamaza siku nzima kama wewe darasa la Fizikia. Wakiamka wanajivua ngozi ya zamani kama soksi na kuanza kula upya. Wanalala mara nne mpaka wakue. Walikuwa weusi, sasa ni weupe kama chaki. Tata anasema ukimgusa mmoja akiwa amelala unaweza kumkosesha mwaka wake, kwa hivyo tunatembea humu ndani kama wezi.

Sasa nikueleze huyu mwanamke, maana hata mimi nilikuwa nadhani namjua. Anaingia, anasimama mlangoni, anavuta pumzi mara moja. Basi. Anakwenda moja kwa moja kwenye trei ya nne upande wa ukuta, anamtoa kiwavi mmoja wa manjano katikati ya mia tano, anamtupia kwenye jivu. "Huyu alikuwa mgonjwa, kesho angewaambukiza." Nikamuuliza amejuaje. Akanijibu, "Wewe ulijuaje gari inaumwa kabla ya kufungua boneti?" Sikumwambia kuwa mimi sikuwahi kujua, ndiyo maana niko hapa.

Jani likiwa na maji, hapana. Jani likiwa na vumbi, hapana. Sigara, dawa ya mbu, mafuta ya nywele, yote hapana. Yale manukato yangu ya chupa ya bluu, yale wasichana wa Gakindu wanayoyasikia kabla hawajaniona, ameyafukia. Jumatano nilimnyunyizia Anko Peterson kahawa yake dawa ya wadudu, na Tata alinifanya nioge mara mbili na kubadilisha hata kamba ya viatu ndipo aniruhusu ndani. Meneja gani huyu anayenuka sabuni ya bar kama mtoto wa nasari.

Mwezi wako mmoja unayeyuka. Ulisema "tutaongea" juu ya skafu. Tuongee nini? Pima shingo kwa uzi, funga fundo, mpe anko yako Abdisalan aniletee akija soko la hapa kununua mbuzi. Usiongeze, najua shingo yako ni ya kuku.

Mutahi, Meneja


Gakindu
16 Machi 2025

Kwa Guled,

Natumai uko salama na saumu inaendelea vizuri. Mimi niko salama. Tata yuko salama. Viwavi wameamka usingizi wa nne na kila kitu kiko sawa. Mvua ya kwanza imenyesha.

Soma kwa bidii.

Mutahi


Nanyuki
18 Machi 2025

Kwa Mutahi,

Ni nini kimetokea?

Umeandika barua nzima bila kunitukana. Hukumsalimu mwalimu wa zamu, naye ameniuliza kama kuna msiba. "Soma kwa bidii"? Wewe? Na umetia sahihi jina tupu, umeneja umekwenda wapi?

Sikulazimishi. Nitaanza mimi, kisha na wewe ukitaka ufuate.

Sijakupimia shingo kwa sababu siwezi kuivaa hiyo skafu. Kwetu Waislamu mwanamume havai hariri. Ni ya wanawake. Ningekwambia tangu barua ya kwanza, lakini ulikuwa umefurahi mno, nikaona nikikwambia utaona umefanya kazi bure, halafu utaiacha kama ulivyoacha zingine. Nikaandika "tutaongea", neno la waoga. Mpango wangu, cheka ukitaka, ulikuwa kuipokea, kuikunja, na kukudanganya kuwa ilipotea bwenini.

Basi. Mimi nilikuficha shingo. Wewe umenificha nini?

Guled


Gakindu
22 Machi 2025

Guled,

Nimewaua. Si wote. Trei saba.

Tata alikwenda Nyeri hospitalini kuonyesha magoti, akaniachia chumba siku nzima. Mara ya kwanza. Ujue kiwavi akiamka usingizi wa nne anakula kama mtu aliyetoka jela. Wakila wote pamoja unasikia mvua juu ya mabati, kumbe nje ni jua. Nilikuwa nimesimama hapo nikijisikia mfalme. Halafu mvua ya kweli ikaja na majani yote ya shamba yakalowa. Jani lenye maji hapana, si nilikwambia. Yaliyokuwa makavu ni yale yaliyo chini ya mgrevilea, ule mti mkubwa wa kivuli, kwenye mpaka na kahawa ya Anko Peterson. Nikajisifu kwamba nina akili. Nikakata gunia zima, nikalisha chanja ya juu.

Mpaka na kahawa, Guled. Kahawa niliyoinyunyizia dawa kwa mkono wangu mwenyewe Jumatano ile, na upepo ukivuma upande wetu. Mkono huu unaokuandikia ndio ulishika pampu.

Kabla ya saa kumi walikuwa wanatupa vichwa huku na huku kama mtu anayekataa kitu. Wakaanza kutapika maji ya kijani. Niliwatoa wale wengine haraka, nikatupa majani, nikafukia wafu kwenye mbolea. Tata aliporudi aliokota mmoja niliyemsahau, akamweka kiganjani, akasema, "Hii ni dawa." Mimi nikasema, "Labda ni upepo kutoka kwa Anko." Ndiyo maneno yaliyonitoka. Akavuka mpaka na magoti yale yale, akamwambia ndugu yake, "Umeona ni afadhali uwaue kuliko kungoja mwezi wa nne." Hawajasalimiana tangu siku hiyo. Hata kanisani kila mmoja alikaa ukingo wake.

Barua yako ilinifikia Alhamisi. Niliisoma nyuma ya tangi. Ile ya shingo ilinifanya nicheke, kisha nikaona kama umenishika kola.

Nikaingia ndani. Tata alikuwa anachambua majani. Nikamwambia, "Tata, ni mimi niliyakata mpakani." Hakuinua kichwa. Akaniuliza, "Ulikata mangapi?" Nikasema gunia. "Na dawa nani alinyunyiza?" Nikasema ni mimi. Akaendelea kuchambua mpaka jani la mwisho. Kisha akajaza chupa ya chai, akanipa vikombe viwili, changu na cha Anko, yeye hakujihesabu, akasema, "Peleka kwa Peterson. Ukimaliza kumwambia, mlete hapa. Mwambie avue viatu."

Anko alinisikiliza amesimama na panga la kupogoa. Nilidhani leo ndiyo leo. Alisema tu, "Siku sita nimekuwa mwuaji kwa ajili yako," akaenda kunawa mikono. Alinawa mpaka viwiko, bila kuambiwa. Alivua viatu mlangoni. Unajua amekaa mita hamsini kutoka chumba hiki miaka mitatu na hajawahi kuingia? Akasimama, akasikia ile mvua ya kula. Akatazama juu kwenye mabati, akatazama nje kwenye jua, akarudi kuwatazama. Akamwuliza Tata polepole, "Ngendo, ni hawa wanaofanya hii kelele?" Tata akamjibu, "Ni wale uliowaita funza." Wakasimama pamoja, hakuna aliyeomba msamaha, lakini Tata alisogea kidogo ampishe karibu na trei.

Hajasema lolote juu ya miti. Na mimi siwezi kuuliza. Jana waliobaki waliacha kula, wakawa wa manjano wenye kupitisha mwanga kama zabibu. Wanatafuta pa kupanda. Tumewawekea vitawi vikavu.

Skafu yako nitaifikiria.

Mutahi


Nanyuki
28 Machi 2025

Kwa Mutahi,

Umefanya jambo gumu kuliko mtihani wowote niliofanya hapa. Sitakusifu tena mpaka nife, kwa hivyo hifadhi barua hii.

Mwalimu wa zamu alisoma yako mara mbili. Aliniuliza, "Sasa miti itabaki?" Bweni lote linauliza. Kuna mtoto wa Form One ameanza kufuga viwavi wa kabichi ndani ya sanduku lake la bati.

Usiache. Nilisema mwezi mmoja na unakaribia kwisha. Nakupa mwingine.

Guled


Gakindu
8 Juni 2025

Kwa Guled, mwenye shingo ya bure,

Mwalimu wa zamu, hujambo. Tumerudi.

Najua likizo tulipigiana simu, lakini simu ile ya mama yangu haitoshi kwa haya, na wewe ulikuwa unakula sambusa sikioni mwangu. Soma taratibu.

Kiwavi akipanda kwenye kitawi anatupa nyuzi chache ovyo, kamba za kujishikilia. Halafu anaanza kuzungusha kichwa, kama mtu anayeandika nane, nane, nane, siku tatu usiku na mchana. Siku ya kwanza unamwona ndani kama mtu nyuma ya pazia. Siku ya pili ni kivuli. Ya tatu humwoni. Amejijengea nyumba isiyo na mlango wala dirisha, kwa mate yake, na hakuna aliyemfundisha. Mimi nilikaa gereji miezi minane na sikuweza kufunga ringi moja ya pistoni.

Uzi wa kifuko kimoja ni mmoja tu, haujakatika popote. Tata aliniambia unazidi kilomita, nikakataa. Akasema, "Basi pima." Akachemsha vifuko, maana maji ya moto yanalegeza gundi, akavipapasa kwa ufagio mdogo mpaka ncha zikashika. Unakusanya ncha za vifuko vinane hivi pamoja, kwa sababu mmoja peke yake huuoni hata ukiushika. Nikachukua kifuko kimoja kando, nikazungusha kwenye gurudumu la baiskeli nikihesabu mizunguko, mita mbili kila mzunguko. Nilifika mia tano na themanini. Kutoka mlango wetu huo uzi unafika soko la Gakindu na unabaki wa kufungia mbuzi wa anko yako. Kitu cha ukubwa wa kidole gumba. Tata alicheka, akasema hajawahi kuniona nimefungwa mdomo.

Ndiyo, yule aliyelala ndani hufa kwa yale maji. Nilimuuliza Tata, akaniambia nondo akitoka huitoboa nyumba na uzi unakuwa vipande elfu. Kimoja nilikificha dirishani nione. Akatoka nondo mweupe, mwenye manyoya kama ameamka tu. Ana mabawa na haruki. Hana mdomo wa kula, Guled. Ilibidi nimwombe Tata amwazime mwenzake kutoka kwenye vifuko vya kutupwa. Akataga mayai kama mia nne kwenye kalenda ya kanisa, kuanzia tarehe tano mpaka ishirini na moja, akafa. Sijaiondoa hiyo kalenda.

Sasa miti. Mwezi wa nne Anko Peterson alikuja na jembe. Nilikuwa nimejifungia chooni ili nisione. Nikasikia jembe linapiga, nikatoka, nikamkuta anachimba mtaro kando ya mpaka, mrefu. Avokado ameziotesha hapo katika mstari, katikati ya kahawa na miforosadi. "Zikue zizuie upepo," alisema. Akaongeza kuwa siku nyingine akitaka kupiga dawa atatwambia siku tatu mbele, na mtu wa kumpigia atamtafuta mwingine. Huyo mwingine si mimi, ashukuriwe Mungu.

Kwa hivyo chumba ni changu. Ufunguo uko kwenye kamba shingoni mwangu, mahali pako pa skafu.

Na skafu ndiyo hii. Mama mmoja wa Karatina mwenye mtambo wa mkono ameifuma. Kwa vile shingo yako ina sheria, nilimwambia aiongeze iwe shali. Mpe Ayeyo Batula. Mwambie si badala ya ile aliyoiuza, hiyo siwezi. Ukingoni kuna pahala pamekunjamana, uzi wa hapo niliusokota mimi. Tata alitaka ikatwe, nikakataa, ili mjue imetoka kwa nani.

Julai nitakuwa mstari wa mbele Nyeri, na nitapiga makofi kabla ya wakati makusudi.

Mutahi, Meneja


Nanyuki
20 Julai 2025

Kwa Mutahi,

Kiti chako kilikaa wazi. Niliweka daftari langu juu yake, Ayeyo akisikia mtu anataka kukaa anamtisha kwa fimbo.

Nimekuwa wa pili. Nilisahau ubeti wa sita, na hakukuwa na skafu ya kuwapumbaza waamuzi.

Nikwambie jinsi Ayeyo alivyoipokea shali. Hakuuliza ni nini. Aliikunja kidogo, akaisugua karibu na sikio lake, macho amefumba ingawa hayana faida. Akaisugua tena. Kisha akaipapasa ukingo wote mpaka kidole kikafika pale palipokunjamana, kikasimama. Akauliza, "Huyu ndiye yule wa maziwa?" Nikasema ndiye. Akasema, "Hapa mkono wake uliogopa. Mbele kidogo umepona." Aliivaa Nyeri, na njia nzima alikuwa anaisugua sikioni kama mtu anayepokea simu.

Tuliporudi aliniuliza mbona hukuja. Nilishindwa kukutetea. Nikamwambia pengine umeacha, kama zile zingine. Akaniambia nikuulize mwenyewe.

Basi nakuuliza.

Guled


Gakindu
24 Julai 2025

Kwa Guled, namba mbili,

Siku uliyopanda jukwaani, kundi langu la pili lilikuwa linaamka usingizi wa nne. Tata yuko Nyeri, amepasuliwa goti. Kulikuwa na mimi na elfu ishirini. Nilikuwa nimevaa shati safi, nimefika hadi lango, nikasikia ile mvua imeanza kwenye mabati na jua linawaka. Nikarudi nikavua viatu.

Mwambie Ayeyo bado niko.

Mutahi